Chupa ya Kijerumani Nyumbani kwa Bibi

Wiki chache zilizopita rafiki yangu mmoja, aliyerudi kutoka masomoni Ujerumani, alitukaribisha kwake kula mbuzi. Alifungua chupa ya mvinyo mwekundu wa huko, ule usio na utamu hata kidogo, akammiminia kila mtu kwenye bilauri yake. Harufu ilinifikia kabla ya bilauri: zambarau zilizolala juani, gome bichi la mti, udongo wa kwetu unapopigwa na matone ya kwanza ya mvua. Wenzangu wakaanza kunywa na kubishana kama mvinyo huo unakwenda na mbuzi wa kuchoma au wa mchuzi. Mimi nilishika bilauri yangu, nikamtazama mwenyeji. Nilikuwa namsubiri ameze. Sikujua kwamba nasubiri mpaka aliponiuliza, "Vipi, hupendi?" Jibu lilikuwa refu mno kwa meza ile.

Tulikuwa tunaishi Kikuyu, mtaa wa Dodoma mjini, mimi na mama, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yenye wapangaji wengi. Baba alifariki kabla sijajua kutembea, kwa hiyo kwangu hakuwa mtu, alikuwa picha ukutani. Mama alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo, upande wa kuosha chupa na kubandika lebo. Alirudi jioni vidole vimekunjamana kwa maji na nguo zikinuka zabibu zilizoanza kuchacha. Niliipenda harufu ile. Nililala nayo. Dunia yangu yote ilikuwa mama na harufu yake, na sikuona sababu ya kuongeza mtu.

Mtu aliongezeka Jumapili moja, akiwa na pikipiki. Jina lake Elia. Pale kiwandani yeye ndiye aliyekuwa anaonja na kusema huu uko tayari, ule bado. Kazi hiyo alikuwa ameisomea Ujerumani. Alikuwa mrefu, mwembamba, na sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu aliye ndani ya kanisa tupu. Hakuniletea pipi. Wanaume wengine waliotaka kumzoea mama waliniletea pipi, nami nilizila na kuwachukia vilevile, na jambo likaishia hapo. Huyu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniangalia kwa muda, akauliza:

"Neema, bibi yako nyama anachoma au anachemsha?"

"Anachoma."

"Anaweka pilipili?"

"Chumvi."

"Chumvi tu?"

Nilijiuliza, mtu mzima anataka nini na chumvi ya bibi yangu?

Jumapili iliyofuata akauliza kuhusu mlenda, kama bibi anauunga kwa karanga. Kisha akauliza uyoga unaotoka masika kwenye vichuguu, unakaangwa au unaungwa. Kisha nyama ya kukaushwa, inaning'inizwa juu ya moshi wa kuni gani. Aliuliza kwa upole na kwa makini, na kadiri alivyokuwa mpole ndivyo nilivyozidi kumwogopa. Nilikuwa nimezoea watu wanaouliza unasoma darasa la ngapi.

"Anatafuta chakula cha chupa yake," mama aliniambia nilipomlalamikia. Alisema huku akicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kipya, sikuwa nimewahi kukisikia chumbani kwetu.

Chupa ilikuwepo kweli. Mwalimu wake wa Ujerumani alimpa alipomaliza masomo, naye akaihifadhi miaka yote bila kuifungua. Sasa alitaka kuifungua siku atakayokwenda kuonekana kwa Bibi, mama yake mama. Mshenga angetumwa baadaye, kama siku hiyo ingekwenda vizuri. Mama alisema kila mvinyo una chakula unachopatana nacho, na Elia hakutaka kukosea. Mimi nilisikia jambo moja tu katika maneno yale yote, kwamba siku hiyo ikienda vizuri, mama atachukuliwa.

Siku moja aliileta tuione. Ilikuwa na mabega yaliyoteremka, kama mtu aliyechoka. Kwenye lebo kulikuwa na neno refu lisilosomeka, na juu ya herufi moja vilikaa vitone viwili, kimoja kando ya kingine. Nikadhani ni macho.

"Huu hauna sukari," alisema.

"Zabibu si zina sukari?"

"Zina sukari nyingi. Ila imeliwa."

"Imeliwa na nani?"

"Na hamira. Ni vidudu vidogo sana, huwezi kuviona. Vimeingia vikala sukari yote mpaka ikaisha, ndiyo maana mvinyo ukaitwa mkavu."

Alilisema hilo kwa furaha kubwa, kama mtu anayekuonyesha mwanawe. Nilikuwa mtoto wa Dodoma, nilijua kinachotokea mahali chakula kinapokwisha. Walaji huhama. Vidudu vile vilikuwa vimefungiwa mle miaka mingi, bila sukari, na mdomo wa chupa ulikuwa umezibwa. Vilikuwa vinangoja tumbo.

Shule zilipofungwa nikapelekwa kwa Bibi, kijijini upande wa Chamwino, nikamweleza yote. Bibi alikuwa akitoa majani yaliyokauka kwenye mizabibu nyuma ya nyumba. Hakuacha kazi, lakini mikono yake ilipungua kasi.

"Aliuliza chumvi?"

"Aliuliza chumvi, na mlenda, na uyoga."

"Anatafuta pa kuweka kitu," Bibi alisema.

Lazima niseme jinsi watu walivyokunywa nyumbani kwa Bibi. Hakuna aliyepokea kinywaji kutoka kwenye mkono ambao haujanywa kwanza. Bibi alipokupa pombe ya uwele kwenye kibuyu, alikunywa yeye mbele yako, akameza uone koo linavyoshuka, akafuta ukingo kwa kiganja, ndipo akakupa. Hata uji wangu wa asubuhi aliuonja. Hakuna aliyeona kwamba huko ni kutiliana shaka. Ilikuwa adabu, na ukiiacha umemtukana mtu. Kila mtoto kijijini alijua habari ya mzee aliyepewa kibuyu sherehеni kabla mwenye sherehe hajameza, akaenda nacho nyumbani tumboni na hakuamka. Mimi niliisikia habari hiyo mara nyingi kiasi kwamba nilidhani nilikuwepo.

Siku ya Elia ilifika katikati ya mvua, zabibu nyekundu zikiwa karibu kuvunwa. Mama alikuja kwa basi, na chupa ilikuja naye, imeviringishwa kwenye khanga ndani ya kikapu, kwa sababu Elia alisema pikipiki itaitikisa. Nilikwenda kumpokea barabarani. Hakutaka nimsaidie kikapu. Alikipakata tumboni njia nzima kama aliyebeba mtoto mchanga, na mimi nikatembea kando yake nikikitazama.

Mjomba Yona, kaka yake mama, alikuwa ameshafika kutoka Kibaigwa. Kazi yake huko ilikuwa udalali wa mahindi, na alimtazama kila mtu kama gunia ambalo huenda limejazwa mchanga chini. Elia alipoegesha pikipiki na kuinama, "Shikamoo mama," Bibi aliitikia "Marahaba," akamwonyesha kigoda, basi. Mjomba ndiye aliyempokea.

"Kwa hiyo wewe ni msomi wa pombe. Mimi nilidhani pombe inataka mnywaji tu."

"Ni mvinyo, kaka."

"Mvinyo. Unalewesha, haulewеshi?"

"Unalewesha."

"Basi tunaelewana. Endelea."

Chakula kikaletwa barazani: ugali wa uwele, mlenda, mbuzi wa kuchoma, uyoga wa kukaanga, na bakuli la nyama ya kukaushwa iliyoungwa kwa karanga. Elia aliviangalia vyote, uso ukamng'aa. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuona mgeni akilifanya. Alinyoosha mkono akasogeza bakuli la mlenda pembeni.

"Samahani mama. Huu tuuache kwanza, utelezi wake utaufunika mvinyo. Na nyama hii ya moshi ni kali, itaushinda. Tuanze na mbuzi, na huu uyoga. Hivi ndivyo vinavyopatana nao."

Bibi aliufuata mlenda wake kwa macho mpaka uliposimama. Mjomba Yona akakohoa. Mama alikuwa akiangalia mikono yake.

Elia akafungua chupa. Kizibo kilitoka kwa sauti ndogo, ya mtu anayeachia pumzi. Alimimina kidogo kwenye bilauri, akaizungusha, akaingiza pua yake yote ndani. Nikaona Bibi ameacha kutafuna. Elia akachukua funda, akalizungusha mdomoni kwa sauti kama ya mtu anayesukutua, akafumba macho. Halafu akageuka upande, akatema lote mavumbini.

"Haujaharibika," alisema, ametulia. "Uko vizuri sana." Akaijaza bilauri, akampa Bibi kwa mikono miwili.

Mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi na ardhi ya barazani ilikuwa na kiu. Ilikunywa ule mvinyo tukiona, likabaki doa la zambarau. Bibi hakuipokea bilauri.

"Umetema," alisema Mjomba Yona.

Elia aliangalia doa, akamwangalia Bibi, na nikaona uso wake unaelewa. "Ni kazi tu, kaka. Ndivyo tunavyoonja. Nilitaka kuhakikisha."

"Umehakikisha ukatema. Sasa unampa mama yangu."

"Kuna vidudu ndani," nilisema. Sikupanga kusema. "Vilikula sukari yote. Alisema mwenyewe."

"Neema," mama alisema.

"Mwache mtoto," akasema Bibi. Kisha akamgeukia Elia. "Ni kweli?"

"Ni hamira, mama. Hata pombe yako ya uwele inayo. Imekwishakufa zamani, haina madhara."

"Kama haina madhara, meza."

Elia alibaki ameshika bilauri hewani, kati yake na Bibi, mahali pasipo pa mtu.

"Siwezi, mama," alisema mwishowe.

Mjomba Yona aliegemea ukuta, akatazama juu kama dalali aliyekuta mchanga. Elia akaweka bilauri chini. Akasema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba alikuwa mlevi. Alianzia huko Ujerumani, akaendelea aliporudi, akafukuzwa kazi yake ya kwanza, akalala mitaroni watu wakimruka. Aliacha. Tangu aache anaonja kwa kazi na kutema, na waonjaji wengine hutema pia, hata wasio na shida yake. "Nikimeza funda moja, sijui la mwisho litakuwa lipi. Binti yako anajua. Nilimwambia kabla sijamwambia kitu kingine chochote."

"Mlevi anayelinda ghala la pombe," Mjomba Yona alisema. Alicheka peke yake.

Bibi hakucheka. "Mimi sikukuuliza ulikuwa nani. Nimeona umekitia kitu mdomoni, ukakikataa, ukanipa mimi. Hapa kwangu aliyeleta anameza. Meza, au uzibe chupa yako uende nayo, na habari ya binti yangu iishie hapa."

Nilipaswa kufurahi. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka tangu ile Jumapili ya kwanza. Lakini Elia alikuwa anamtazama mama, na mkono wake ulikuwa unarudi kwenye bilauri, na bilauri ilipopanda nikaona mvinyo ndani yake unatetemeka. Alikuwa anakwenda kumeza. Mimi nilielewa kwa namna yangu: anaogopa kwa sababu anajua kilichomo. Nimeishi na kosa hilo miaka mingi, na bado nadhani halikuwa kosa zima. Alijua kweli kilichomo.

Mama aliinuka akaishika bilauri ikiwa karibu na mdomo wake.

"Nipe."

"Keti chini wewe," alisema Bibi.

"Mama, umesema aliyeleta anameza. Nani kaleta chupa hii?" Mama akanigeukia mimi. "Neema. Ulikuja kunipokea barabarani. Nani alikuwa ameibeba?"

Wote wakanitazama. Nilijua jibu, na nilijua jibu litafanya nini. Kama ningesema Elia, angemeza yeye. Nilimtazama mama nikimwomba kwa macho asiniulize tena, naye akaendelea kusubiri, mtulivu, kama anayesubiri nimalize kufunga kamba za viatu.

"Wewe," nilisema.

Akanywa. Hakunywa funda la kuonja, alikunywa kama anayemaliza dawa, kichwa nyuma, koo likishuka na kupanda mbele ya mama yake. Alibakiza nusu. Akafuta ukingo kwa kiganja, akapiga goti moja, akampa Bibi bilauri.

"Karibu mama. Nimekuletea."

Bibi hakuwa na pa kwenda. Sheria ilikuwa yake mwenyewe. Aliipokea, akatazama ndani kwa muda mrefu, akanywa kidogo, uso ukakunjamana wote.

"Mchungu."

"Kula na nyama, mama," Elia alisema taratibu.

Bibi alichukua ubavu wa mbuzi, akautafuna bila haraka, akanywa tena juu yake. Akachukua uyoga, akanywa tena. "Na nyama unakaa," alisema mwishowe, kama shahidi aliyelazimishwa. "Na uyoga unakaa." Kisha akavuta bakuli la mlenda kutoka kule pembeni lilikokuwa limehamishiwa, akala tonge, akanywa, akatikisa kichwa. "Na mlenda, hapana. Hilo hukudanganya." Akamwelekezea Elia mfupa. "Lakini wewe nakutazama."

Mjomba Yona alikataa mvinyo, akasema atabaki na akili zake ili awepo wa kusimulia. Alikula nyama ya kukaushwa karibu yote.

Mengine yalikuja polepole. Mshenga alitumwa baada ya mavuno, harusi ikafungwa, tukahama chumba cha nyuma. Elia aliendelea na kazi yake ya kuonja na kutema, na hajameza mpaka leo. Bibi alitimiza neno lake: alimtazama. Kila alipokuja alimtazama anavyokula, anavyokaa, anavyomwambia mama maneno, na alikuwa bado anamtazama wiki aliyofariki, alipokuwa hawezi kunyanyua kichwa na Elia ndiye aliyemnywesha uji kwa kijiko. Kila kijiko Elia alikionja kwanza, akameza. Watu husema shaka ni sumu ya nyumba. Sina hakika. Ile ya Bibi ilikuwa na kazi. Ilimlazimu mtu awe kila siku yule aliyesema yeye ndiye.

Lakini nikiulizwa Elia aliingia lini kwetu, sitaji harusi. Nataja alasiri ileile, sahani zilipotolewa.

Mama hakuwa amezoea kunywa. Uso ulimwaka moto, akajilaza kwenye mkeka kivulini mwa ukuta, akalala. Sikuwa nimekula kitu. Nilikaa kando yake nikitazama kifua chake kikipanda na kushuka, na kila kilipochelewa kupanda na mimi niliacha kupumua. Nikaweka sikio tumboni kwake. Kulikuwa na sauti. Kulikuwa na kitu kinazunguka, kinanguruma kidogo, kinanyamaza, kinaanza tena.

Nilipoinua kichwa, Elia alikuwa amesimama na kofia yake ya pikipiki mkononi. Alishaaga wengine.

"Unasikia nini?" aliniuliza.

"Vinakula."

Sikumwona akitabasamu. Alichuchumaa akasikiliza na yeye, kutoka mbali kidogo, kichwa kimeinama upande. "Anasaga chakula," alisema. "Ni yule mbuzi."

Sikumwamini hata kidogo. Alipotaka kuinuka nilimshika suruali, pale chini kwenye pindo, kwa mikono yote miwili.

"Huondoki," nilisema. "Mpaka aamke."

Aliangalia barabara, ambako mawingu yalikuwa yanarudi, na safari ya mjini ni ya matope. Aliangalia mikono yangu. Kisha akaweka kofia chini, akaketi mavumbini, miguu imenyooka mbele yake, na mimi nikaendelea kushikilia pindo. Mvua ikaanza kwa matone makubwa, tukasogea ukutani wote wawili bila mimi kumwachia, akauvuta mkeka pamoja na mama aliyelala juu yake mpaka pakavu. Mkono mmoja ulikufa ganzi. Nikashikilia kwa mwingine.

Mama alipofumbua macho alituona hivyo. Alikaa kitako, akajifuta uso kwa upindo wa khanga, akatazama mvua, akamtazama mtu wake aliyelowa bega moja.

"Mbona hujaondoka?" aliuliza. "Si ulisema unawahi?"

"Nimekamatwa," alisema Elia.